Nzi wa Ishaka na Wapulizia Dawa wa Mashambani

Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi watadhani si la chama. Ni habari ya vijana wanaoanza kazi ya utafiti wa ubongo, mishipa ya fahamu na magonjwa ya binadamu, na nafasi wanazopewa za kusoma, za kukutana na wenzao na za kupata kazi. Mtu anaweza kuuliza: mchuma maua na mwendesha mashine wanahusika vipi na mambo hayo? Hata sisi wa ofisi ya chama, tulioishia darasa la saba, tuliuliza hivyo hivyo. Basi tuwaeleze jinsi tulivyojibiwa.

ASUBUHI YA BANDA LA TATU

Katika shamba moja la maua, si mbali na ziwa, wenzetu waliingizwa bandani kuchuma kabla ya kwisha saa za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Mnyapara alisema ndege inasubiri mzigo. Kabla ya saa nne mama mmoja alianza kutokwa na mate na machozi kwa wingi. Wakafuata wengine. Jasho liliwatoka, macho yakaona kiza, mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, misuli ikachezacheza yenyewe, kifua kikabana.

Zahanati iliwaandikia vidonge vya malaria. Yule mama tulimkimbiza kwa pikipiki mpaka hospitali kubwa. Huko alikuwako daktari aliyetambua mambo, akampiga sindano ya atropini, na mama akavuta pumzi tena.

Tulipokwenda kudai fidia, meneja alitusikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu: "Ushahidi uko wapi?" Hatukuwa na karatasi hata moja ya kupima damu. Hakuna aliyempima mtu kabla ya dawa wala baada ya dawa. Meneja akasema dawa ile inaua wadudu, haiui watu. Tukatoka ofisini kwake mikono mitupu.

Ndugu, siku hiyo tulijifunza kwamba mfanyakazi anaweza kuwa na haki na asiwe na kipimo. Na haki isiyo na kipimo, mwajiri huiita uvumi.

BARUA YA KUOMBA MKOPO

Miezi michache baadaye binti wa mwanachama wetu mmoja alifika ofisini. Baba yake ni mfungaji wa maboksi, analipwa kwa kipande. Mama yake ndiye yule wa banda la tatu. Binti alikuwa amemaliza shahada ya sayansi ya maabara za tiba, na mkononi alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilisema amekubaliwa kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu ya utafiti wa ubongo. Ada, chakula na malazi atapewa, lakini nauli atoe mwenyewe kwanza, atarudishiwa baadaye. Barua ya pili ilikuwa yake kwetu, anaomba mkopo wa nauli kutoka mfuko wetu wa kusaidiana.

Tukamwuliza: "Binti yetu, huko unakwenda kusoma nini hasa?"

Akasema: "Nzi, wazee wangu."

Kamati nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alingoja tumalize, akasema: "Wazee wangu, ile dawa ya banda la tatu ilitengenezwa kuua mdudu. Inamuua kwa kuishika mishipa yake ya fahamu. Na mishipa ya mdudu na ya mama yangu hutumia njia moja. Anayemjua nzi anaweza kumtetea mama."

Hapo kicheko kikaisha, tukamwambia akae atufundishe.

JINSI SUMU INAVYOFANYA KAZI

Alitueleza hivi, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa. Mshipa wa fahamu haugusani na msuli. Kati yao pana nafasi ndogo mno. Mshipa ukitaka msuli ujikaze, hutuma mjumbe avuke nafasi hiyo. Mjumbe huyo anaitwa asetilikolini. Akishafikisha habari, yuko mfagiaji anayemwondoa mara moja ili msuli upumzike. Mfagiaji huyo ni kolinesterasi.

Fikirini mkanda wa kiwandani unaoleta maboksi. Mwisho wa mkanda yuko mtu wa kuyaondoa. Ukimfunga mikono mtu huyo, maboksi yataendelea kuja, yatarundikana, yataanguka, na mwishowe mashine itakwama. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti hufanya hivyo hivyo: humfunga mikono mfagiaji. Mjumbe anarundikana. Mate, machozi na jasho havina breki. Misuli inacheza mpaka inachoka, na ikichoka misuli ya kifua, mtu hafi kwa kupigwa wala kukatwa, anakufa kwa kukosa pumzi.

Jambo kubwa ni hili: mfagiaji huyo anapimika katika damu. Mtu akipimwa kabla ya msimu wa kupulizia, kisha akapimwa tena wakati wa msimu, daktari anaona kama ameshuka. Akishuka sana, mfanyakazi huondolewa kwenye dawa kabla hajaanguka. Hii si ndoto. Jimbo la California huko Marekani lina utaratibu wa namna hiyo kwa watu wanaoshika dawa hizo tangu mwaka 1974. Sisi hatukuujua. Tungeujua, swali la meneja lingekuwa na jibu.

HABARI ZA ISHAKA

Binti alitusimulia pia habari za Ishaka, katika Wilaya ya Bushenyi, magharibi mwa Uganda, penye tawi la Kampala International University. Mwaka 2011 yalianza hapo mafunzo kwa vijana wa Afrika juu ya ubongo wa wadudu. Waliounda mpango huo ni watatu: Sadiq Yusuf, aliyekuwa akifundisha hapo hapo, pamoja na Lucia Prieto Godino na Tom Baden kutoka Ulaya. Mpango wao unaitwa TReND in Africa, na baadaye ulifanya mafunzo katika nchi nyingine za Afrika pia.

Kwa nini walichagua nzi? Kwa sababu nzi ni rahisi. Ni wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu jikoni kwako. Wanafugwa ndani ya chupa, chakula chao ni uji wa unga wa mahindi, sukari na hamira, na kutoka yai mpaka nzi kamili ni kama siku 10. Maabara maskini inaweza kuwalisha. Lakini elimu yao si maskini. Thomas Hunt Morgan wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa kazi aliyoifanya na nzi hao. Mwezi Oktoba 2024 wanasayansi walitoa ramani ya ubongo mzima wa nzi mmoja: chembe 139,255 na viungo zaidi ya milioni 50 kati yao. Yote hayo katika kichwa kidogo kuliko mbegu ya ulezi.

Vyombo navyo walivitafutia njia. Hadubini nzuri ya dukani ni mali ya matajiri. Baden na wenzake walichora chombo kinachoweza kutengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, pamoja na kamera ndogo. Mwaka 2017 walitangaza michoro yake kwa watu wote bure, na gharama ya chombo kizima chenye sehemu zake zote ilikuwa kama euro 200. Fundi yeyote wa kiwandani ataipenda habari hiyo, maana sisi tunajua tofauti ya mtu anayengoja spea kutoka ng'ambo na mtu anayejua kuchonga yake.

ZAMANI WALIKUJA KWA MELI

Wako wenzetu watakaosema utafiti ni kazi ya wazungu na serikali. Tuwakumbushe historia ya ziwa letu. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 Busoga na kando ya ziwa. Malale ni ugonjwa unaoishia kwenye ubongo. Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma madaktari Entebbe. Mmoja wao, Aldo Castellani kutoka Italia, alikuwa bado kijana katika kazi yake. Aliviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na jina lake likajulikana duniani. Majina ya waliotobolewa migongo hayakuandikwa popote tunapoweza kuyasoma.

Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch wa Ujerumani aliwatibu wagonjwa katika visiwa vya Ssese kwa dawa ya atoksili, ambayo ndani yake mna arseniki. Kipimo kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na hawakuona tena.

Hatusemi haya ili kukataa utafiti. Bila utafiti malale yangetumaliza. Tunasema kwamba nani anashika daftari, na nani anachagua ugonjwa wa kuandikwa humo, ni jambo kubwa. Mtoto wa mpulizia dawa akishika daftari, atajua cha kuuliza.

MILANGO ILIYO WAZI

Wazazi wengi hawajui kwamba milango ipo. Tunawatajia michache ili muwaambie watoto wenu walio vyuoni.

Wa kwanza ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo, IBRO, lililoanzishwa mwaka 1961. Shirika hilo hugharimia mafunzo mafupi kwa vijana na hutoa misaada ya nauli kwa wanaokwenda mikutanoni. Bara la Afrika lina fungu lake humo.

Wa pili ni Chama cha Wanasayansi wa Ubongo wa Afrika, SONA, kilichozaliwa Nairobi mwaka 1993. Kwa kawaida hufanya mkutano wake mkuu kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2017 mkutano ulikuwa hapa kwetu Entebbe. Huko kijana hubandika ukutani karatasi ya kazi yake, na wakubwa hupita wakisoma na kumwuliza. Wengi wamepata walimu na kazi kwa kusimama kando ya karatasi hiyo.

Wa tatu ni vituo vikubwa vya karibu: taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo watu wake waligundua kirusi cha Zika mwaka 1947, na kituo cha Kilifi, pwani ya Kenya, kilichoanza mwaka 1989. Vituo vya namna hii hupokea vijana wa kujifunza kazi na kuwasomesha shahada za juu.

Milango iko wazi, lakini kizingiti kiko juu. Tangazo la nafasi huja kwa Kiingereza au Kifaransa, na muda wake ni mfupi. Mwombaji anatakiwa awe na pasipoti, viza, na barua ya mwalimu wa kumshuhudia. Halafu lipo hilo neno la "lipa kwanza, utarudishiwa." Kwa mtoto wa meneja ni neno dogo. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa kipande ndiyo kufuli yenyewe.

NAO NI VIBARUA

Tena, ndugu, msidhani kijana wa maabara ni bwana mkubwa. Tulimwuliza binti atalipwaje akimaliza. Akasema: mkataba wa mwaka mmoja, au miezi sita, kufuatana na fedha za wafadhili. Fedha zikikatika, na mkataba umekatika. Sisi tunalijua jina la mtu wa namna hiyo: kibarua. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, kazi za utafiti wa afya katika nchi nyingi za Afrika zilisimama ghafla, na vijana wakarudi nyumbani.

Hata huko Marekani kwenyewe vijana hao wameona shida hiyo, na wamefanya kama tulivyofanya sisi. Tarehe 14 Novemba 2022 wafanyakazi wa elimu na utafiti kama 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma. Miongoni mwao walikuwamo maelfu ya watafiti vijana wa maabara. Mgomo ulidumu karibu wiki sita, wakapata nyongeza ya mshahara. Mwezi Desemba 2023 watafiti vijana wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, walipiga kura kama wanataka chama. Waliosema ndiyo walikuwa 1,601, waliosema hapana 36. Na chama walichojiunga nacho ni UAW, chama kilichoanzishwa mwaka 1935 na wafanyakazi wa viwanda vya magari! Mtu wa hadubini na mtu wa spana wako katika chama kimoja. Basi na sisi tusiwaone watoto wetu wa maabara kama watu waliohama kambi.

MKUTANO WA TAWI

Ombi la mkopo tulilipeleka mbele ya mkutano wa tawi. Mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alisimama akasema: "Mfuko huu ni wa misiba na wagonjwa. Leo nzi, kesho ataombewa nini? Wangapi hapa wana watoto waliokosa karo ya darasa la tano?" Alisema kweli, na wengi walimpigia makofi.

Kisha akasimama yule mama wa banda la tatu. Hakuomba kwa ajili ya binti yake. Alisema: "Mimi nilikuwa mgonjwa, na mfuko ulinilipia pikipiki. Asante. Lakini mwaka ujao mtalipia pikipiki ya nani? Mimi nataka mtu wa kutuzuia tusipande pikipiki."

Kura zikapigwa. Mkopo ulipita, lakini si kwa kura nyingi, na kwa masharti matatu: nauli ikirudishwa, irudi mfukoni, binti akirudi, aifundishe kamati ya usalama, na mwaka unaofuata mfuko utenge kitu kwa ajili ya karo za watoto wadogo, kama yule mzee alivyodai.

Binti alikwenda, akarudi. Fedha za nauli zilichelewa miezi miwili, lakini zilirudi zote. Mwezi Machi alitufundisha chini ya mwembe wa kantini. Mwezi huo haukuchaguliwa ovyo. Kila mwaka mwezi Machi huwa na wiki ya kuwaelimisha watu juu ya ubongo, iliyoanza mwaka 1996 na ambayo sasa hufanyika katika nchi nyingi. Wiki hiyo watafiti vijana hutafuta watu wa kuzungumza nao. Kwa kawaida huenda mashuleni. Kwa nini wasije mashambani?

TUFANYE NINI

Ndugu wafanyakazi, tunapendekeza kila tawi lifanye mambo haya.

Kwanza, liandike majina ya watoto wa wanachama wanaosoma sayansi, na liwapelekee habari za nafasi mapema. Ofisi ya chama itasaidia kuwatafutia.

Pili, litenge mkopo mdogo wa nauli na pasipoti, kwa wale walio na barua ya kukubaliwa mkononi. Si zawadi, ni mkopo unaozunguka.

Tatu, mtafiti akija kwenu kuchukua damu au kuuliza maswali, mpokeeni vizuri, lakini mwulizeni: kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kiko wapi? Naweza kukataa bila kupoteza kazi? Meneja ataliona jina langu? Matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani? Mtafiti mwema hatachukia maswali hayo. Waliopofuka Ssese hawakupata nafasi ya kuyauliza.

Nne, madai ya kupima kolinesterasi yaingizwe katika kila mkataba wa hiari, pamoja na haki ya kuelezwa dawa iliyopuliziwa na haki ya kuondoka penye hatari. Haki hizo mbili za mwisho zimo katika Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unaohusu usalama katika kilimo.

Katika shamba letu la maua madai hayo yako mezani sasa. Mwajiri amekubali kuwapima wapulizia dawa. Wachumaji amewakataa, anasema wao hawashiki bomba. Safari hii hatukwenda mikono mitupu. Tulimwonyesha kwenye karatasi, kwa michoro aliyotuchorea binti, jinsi sumu inavyopita kwenye ngozi ya mtu aliyeshika ua tu. Meneja aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Hakuuliza tena ushahidi uko wapi. Alisema atajibu.

Nasi tunangoja jibu, na wachumaji wanajua saa za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa. Kabla saa hizo hazijaisha, hakuna anayeingia bandani.